Wakuu, bakteria anabebaje meseji kati ya vidude vya nano?

fundi_wa_Uyole:
Wakuu kwema? Huku Mbeya baridi linapiga balaa, jana nimejifunika blanketi napitia pitia mtandaoni nikakutana na mada imenichanganya, eti kuna watu wanataka kutumia bakteria kupeleka taarifa toka kidude kimoja cha nano kwenda kingine humo humo mwilini. Mi ni fundi simu, mawasiliano ninayoyajua ni antena na frikwensi. Si waweke tu ka-Bluetooth kadogo? Msinicheke.

Mnyalukolo:
Kamwene fundi. Antena si inaendana na urefu wa wimbi? Sasa antena ya kuingia kwenye kidude cha nanomita, yani mita moja uigawe mara bilioni, itakupeleka huko kwenye terahezi, yani frikwensi za juu sana, na terahezi inamezwa na maji, na mtu ni maji matupu. Ndo wakaona bora watume kwa basi, kama sisi tunavyompa konda bahasha Mbeya mtu anaipokea Ipogolo, Iringa. Konda ni bakteria anayeitwa E. koli, bahasha ni DNA yake, yani vinasaba. DNA ina herufi 4, kila moja ni biti 2, kwahiyo kaduara kake kanakoitwa plasmidi kakiwa na herufi 10,000 tayari ni kilobaiti 2.5. Mdudu mwenyewe urefu maikromita 2, na maikromita ni milimita uigawe mara elfu!

fundi_wa_Uyole:
Basi lina barabara mkuu. Huyo konda anajuaje pa kushuka?

dada_maabara:
Hapo ndo patamu. Mpokeaji anamwaga kemikali ambayo mdudu anaipenda, labda sukari au asidi amino, mdudu anaifuata. Hana macho, anaogelea kama sekunde moja amenyooka, anabiringika, anashika njia nyingine yoyote, ila akiona harufu inazidi anachelewa kubiringika. Ni kama mlevi anayetafuta kilabu cha ulanzi kwenye ukungu wa Mufindi, atafika ila usimuulize kapita wapi 😂 Spidi ni maikromita 20 hivi kwa sekunde, milimita moja angenyoosha ni sekunde 50, na hanyooshi.

Kukabidhiana nako wanajua wenyewe, mmoja anamrushia mwenzie kamrija, wakishikana kopi ya plasmidi inavuka. Wanasayansi Lederberg na Tatum walishaonyesha E. koli wanapeana vinasaba tangu 1946. Mimi ndo napoogopea hapo, maana njia hiyo hiyo ndo wadudu wanapeana usugu wa dawa, na huku Njombe kila siku tunaotesha vipimo tunakuta dawa hii haifanyi kazi, ile haifanyi kazi.

Mzee_wa_Tukuyu:
Na konda huyo si anazaa njiani? Akishiba vizuri dakika 20 tu wako wawili.

dada_maabara:
Shikamoo mzee. Anazaa kweli, na kwa hesabu zao ni faida kwasababu wanatuma wengi wakijua wengine watapotea. Wapo waliopendekeza meseji ifungwe pamoja na usugu wa dawa fulani ya kuua bakteria halafu hiyo dawa imwagwe, aliyetupa bahasha afe. Mengi bado yako kwenye kompyuta lakini.

fundi_wa_Uyole:
Yani konda mlevi, anazaa safarini, bahasha anawatolea kopi abiria wengine, na akiipoteza anauawa?? Mi narudi kwenye chaji sistimu zangu wakuu, kuna mteja kasimama hapa na simu imeingia maji.