Tupeane uzoefu: siku faili zilipoanza kufunguka na programu isiyo yake

Wakuu, aliyewahi kukutwa na hii aweke hapa alivyojinasua. Naanza mimi. Kuna shotikati ilikuwa inanigomea, kwa ujuaji wangu nikapita "Open with" nikachagua Notepad, tena nikatiki na kale kaboksi ka kutumia hiyo siku zote. Kumbe shotikati zote ni faili za .lnk! Papo hapo desktopu nzima ikavaa ikoni ya Notepad, nafungua brauza yanatoka maherufi ya ajabu ajabu, ikapona Recycle Bin tu maana yenyewe sio shotikati. Nilishaanza kutafuta flashi nipige Windows upya. Kilichoniokoa ni Win+R, nikaandika regedit (programu ya kuhariri rejista, yaani ghala la mipangilio ya Windows), nikashuka HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Explorer\FileExts\.lnk, nikafuta kile kifolda cha UserChoice (ndimo Windows inamoandika programu uliyochagua), nikatoka kwenye akaunti na kuingia tena. Ikoni zote zikarudi.

—

Mkuu wewe ulipata afueni, regedit ilifunguka. Mimi enzi za Windows XP kirusi kiliharibu .exe yenyewe, yaani faili za kuwashia programu, antivirusi ikakifuta kirusi ila uharibifu ikaniachia, kila ninachobonyeza naulizwa nifungue na programu gani, na regedit nayo si ni .exe? Nikazunguka weee, mwisho nikakopi regedit.exe nikaibatiza regedit.com, ikafunguka kama hakuna kilichotokea, maana Windows inaangalia herufi za mwisho za jina na .com ina njia yake tofauti. Humo kwenye HKEY_CLASSES_ROOT, .exe lazima isomeke exefile, halafu exefile\shell\open\command iwe "%1" %* hivyo hivyo na nafasi yake katikati. Ila jamani kabla hujagusa kitu, "Export" kwanza, yaani hifadhi nakala ya rejista!

—

Mimi langu dogo, nilibadilisha jina la faili kutoka .docx kwenda .pdf nikajua nimekonveti 😂 nikaituma, nikaambiwa haifunguki, nikabisha kabisa kwamba kompyuta yao ndo mbovu.

—

😂😂 Uko peke yako hapo

—

Kwa wa Windows 10 na 11, msihangaike kuandika UserChoice kwa mkono. Nilijaribu kulazimisha PDF zifunguke na rida yangu (programu ya kusomea PDF), Windows ikanirudishia ya kwake na kanotifikesheni juu. Pale ndani kuna Hash, yaani kama muhuri, ukibadilisha jina la programu bila muhuri kulingana inaona umefoji. Kufuta sawa, kuandika ndo shida. Pita tu Settings, Apps, Default apps, tafuta .pdf chagua unayotaka, basi.

—

Mkuu wa kwanza, ya .lnk imenikuta leo asubuhi, nimefuata ulivyosema imekubali. Ila ile Export nimeisoma nikiwa nimeshafuta 🙈