Harusi ya kizamani Unguja: ukumbi uliopambwa, nyumba ya bibi Malindi, au twende Wete?

Asumini_Malindi

Assalaam alaykum jamani. Nikaha yangu imepangwa Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, inshaallah, na nina jambo limenikaa moyoni tangu udogoni: nataka harusi ya kizamani. Bibi yangu mzaa mama ana picha ya harusi yake ya mwaka 1958, nyeusi na nyeupe, alipelekwa kupigwa studio. Kakaa mbele ya pazia lililochorwa nguzo na bustani, kavaa kanzu ya hariri na surwali ya marinda, ukaya wa kichwani umemshukia mabegani. Viganja kavigeuza juu ya magoti ili hina ionekane. Kifuani kashikizwa vikuba, vile vishada vya asumini, na ukitazama kwa karibu utaona kimoja kimelegea, kinataka kuanguka. Kila nilipoulizwa harusi yangu nataka iweje, nilikuwa naenda kuichukua picha hiyo.

Nikaha itasomwa msikitini kama kawaida, hapo hakuna mjadala. Kinachonisumbua ni usiku wa wanawake.

Mama anataka ukumbi huko Ng'ambo. Kuna mpambaji anakodisha vitu vya kizamani: makasha yenye misumari ya shaba, fanusi, viti vya enzi, gramafoni ya kuweka mezani. Bibi hataki kusikia. Anasema yeye alitolewa nyumba ya Malindi na mimi nitatolewa hapo hapo. Nyumba ina ua katikati na ghorofa mbili. Na upande wa Pemba wajomba wanasema twende Wete, kiwanja kipo, miembe ipo, watu wapo.

Waliofanya mojawapo naomba mniambie ukweli, mazuri na mabaya.

Mwembetanga82

Waalaykum salaam. Dada yangu mwaka jana tulimfanyia ukumbini kwa mapambo ya aina hiyo hiyo. Mazuri yake yapo na ni makubwa: jenereta, vyoo vya kutosha, watu 300 wamekaa bila kubanana, wazee hawakupanda ngazi. Mama yako hajakosea.

Kilichoniuma ni kwamba kila kitu kilikuwa cha kutazama tu. Makasha matupu. Gramafoni tuliambiwa tusiiguse. Asumini ilikuwa ya plastiki, na ukumbi mzima ulinukia marashi ya kopo. Wiki mbili baadaye nilialikwa harusi nyingine, nikakuta kiti kile kile, fanusi zile zile, zimepangwa vile vile. Dada aliona picha zake zikifanana na za mtu asiyemjua, akanyamaza. Mpambaji hakukosa, ndiyo kazi yake. Ila wewe unayo picha ya 1958, na hiyo haikodishwi.

Shangazi_Mkunazini

Mwanangu, nimesoma nikatokwa na machozi kwa hicho kikuba kilicholegea. Sikiliza nikwambie kwa nini kililegea. Asumini huchumwa jioni ikiwa bado imefumba. Unaifunga na mrehani na kipande cha ua la mkadi, unaviweka kwenye sinia chini ya kitambaa kibichi. Usiku inafumbuka yenyewe ikiwa kifuani mwa mtu, na hapo ndipo harufu inapotoka. Ukiichuma asubuhi, jioni imeshakuwa rangi ya chai. Bibi yako alipigwa picha mchana, bila shaka vikuba vilikuwa vya jana yake. Muulize.

Kwa hiyo mie nakwambia: nyumba ya Malindi. Harusi ya zamani ilikuwa ni kazi za mikono ya watu wanaokupenda. Singo, manukato ya kumsugulia bibi harusi, ikitwangwa nyumbani, nyumba nzima inajua kuna harusi: liwa, maua ya waridi, karafuu, marashi. Somo wako, yule mama wa kukufunda, akikusinga siku tatu, ngozi yako yenyewe inakuwa na habari. Haya yote ukumbini hayana pa kufanyikia.

Hina ipakwe siku mbili kabla, maana rangi yake hukolea siku ya pili. Itwangwe ya majani. Na piko, ile ya kuchorea weusi, mwanangu, tafadhali sana, ile inayochanganywa na rangi nyeusi ya nywele usiikubali hata kidogo. Mtoto wa ndugu yangu alipakwa na mpambaji mmoja, akaingia harusini ana malengelenge mikononi, na alama zilimkaa miezi. Kwenye ile picha ya bibi yako hapana piko ya namna hiyo, na mikono yake imependeza.

Boriti_na_Chokaa

Samahani nitaingia na habari isiyo ya mapambo, lakini ni ya lazima. Mimi ni fundi wa kukarabati nyumba za Mji Mkongwe. Nyumba ya Malindi ni chaguo zuri, kwa sharti moja: ngoma zote ziwe chini, uani. Ghorofani msicheze.

Vyumba vya nyumba zetu ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazifiki mbali, kama mita 3 hivi. Juu yake imelazwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu hiyo ni nzito hata kabla mtu hajaikanyaga. Boriti zikiingiwa na maji kwenye ncha, pale zinapoingia ukutani, zinaoza ndani na nje huoni kitu. Wanawake 40 wakisimama pamoja wakacheza kwa mwendo mmoja, huo ni mzigo mwingine kabisa na wa watu waliokaa. Hata Beit el Ajaib, jumba la sultani la mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka Disemba 2020, sote tuliona. Mwite fundi atazame, agonge kuta, achungulie dari, halafu ndiyo mualike.

Na taa za karabai, kama mtaziweka kwa ajili ya mwanga wa kizamani: uani ndiyo, chumbani hapana, zina joto na moto wake ni wa kweli. Chini ya makuti ni hatari kabisa.

Mpiga_Fidla

Hakuna aliyezungumzia muziki bado! Harusi ya wanawake Unguja bila muziki sahihi ni kikao.

Zipo namna tatu za kizamani na hazifanani. Taarab kamili, yenye ganuni, udi, nai, kodiani na fidla zilizopangwa mstari, ni ya kukaa na kusikiliza. Watu wanapanga foleni kwenda kumtunza mwimbaji pesa, wanarudi vitini. Vikundi vyake vipo: Nadi Ikhwan Safaa tangu 1905 na Culture Musical Club tangu 1958, mwaka ule ule wa bibi yako, nimefurahi nilipoona. Lakini kundi la namna hiyo linataka nafasi, na ua wa Malindi wote utajaa wapigaji, wageni mtawaweka wapi?

Kidumbaki ndiyo yako. Ngoma ndogo mbili ziitwazo vidumbaki, fidla moja, cherewa za kutikisa, mkwasa wa kugonga, na sanduku. Sanduku ndiyo besi yenyewe: la mbao, lile la majani ya chai, linafungwa uzi mmoja kwenye fimbo, mpigaji anaivuta fimbo na kuilegeza, sauti inapanda na kushuka. Wapigaji hawazidi vidole vya mikono miwili. Nyimbo zinaunganishwa bila kukatika, na hapo wanawake hawakai, wanacheza. Mimi nimepiga fidla kwenye nyua za aina hiyo miaka mingi: sauti inagonga kuta nne na kurudi, huhitaji spika hata moja. Ukipiga nyimbo zile zile ukumbini kwenye mashine, unasikia fidla lakini huisikii pinde inavyokwaruza uzi.

Ya tatu ni beni, ya matarumbeta barabarani. Hiyo mngeiweka mchana, bwana harusi akisindikizwa.

Kuhusu gramafoni: kama kuna mtu ana inayofanya kazi, iwekeni wakati wa hina, watu wakiwa wachache. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, alikwenda Bombay kurikodi mwaka 1928, na santuri za enzi hizo huzunguka mara 78 kwa dakika, upande mmoja kama dakika tatu tu. Sindano ya chuma inabadilishwa kila upande, la sivyo inaikwangua santuri. Apewe binti mmoja kazi hiyo peke yake. Kwa usiku wenyewe sauti yake haitoshi.

Binti_Wete

Naona Pemba imesahauliwa! Dada Asumini, mimi niliolewa Wete kwa mtindo huo miaka mitatu nyuma. Kiwanja kikubwa, mikeka imetandikwa, boko boko la ngano na nyama limepigwa mwiko tangu usiku, halua imetoka jirani ikiwa bado ya moto. Hatukukodi hata sahani, kila nyumba ilileta sinia yake na jina limeandikwa chini kwa rangi ya kucha. Kwa gharama hakuna kinachoishinda Wete, kwa watu pia.

Lakini nakwambia kama dada. Miaka hii Mfungo Mosi inaangukia mwezi wa tatu na wa nne, yaani masika yenyewe. Mvua ya Wete haibembelezi. Yangu ilikuwa Januari, kaskazi, mbingu safi. Na bibi yako wa 1958 ataweza boti? Bahari ya Nungwi ikichafuka hata vijana wanalala chini. Ungekuwa mwezi wa kaskazi ningekuburuta uje. Kwa mwezi huo, la.

Mwembetanga82

Masika hata Malindi ni masika, ua hauna paa.

Asumini_Malindi

Lo, sikuwa nimehesabu mvua. Shikamoo Shangazi, ahsante. Na fundi, nimemwonyesha baba ujumbe wako, kasema atatafuta mtu wiki hii.

Swali la nguo. Kanzu ya bibi bado ipo kwenye kasha. Niivae au nishonewe nyingine?

Sindano_Darajani

Nashona nguo za harusi, niliyoyaona ni haya. Usiifungue kwa haraka. Hariri iliyokunjwa miaka 60 na zaidi hukatika pale pale penye mkunjo, hata kama kitambaa kingine chote kizima. Itandike juu ya shuka safi, kivulini, uikunjue kidogo kidogo. Usiifue wala usiipige pasi, zari inapoteza rangi. Ukiona mistari ya kukatika, usiivae. Mpe fundi aichukulie vipimo na achore tarizi yake, akushonee mpya kwa mkato ule ule. Nguo za zamani zina kipande cha pembetatu chini ya kwapa, ndicho kinachoifanya ikae vile ilivyokaa kwenye picha, na mafundi wengi siku hizi wanakiacha. Sisitiza.

Mwambie na bwana harusi: kama anataka kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono, aagize sasa hivi, maana ni kazi ya miezi.

Negativu_Moja

Mimi ni mpiga picha wa kike, bado natumia filamu. Roli moja ni picha 36 tu, na huo ndio uzuri wake: unasubiri mpaka mtu ametulia. Kwa ua wa jioni tumia filamu nyeusi na nyeupe ya ISO 400, mwanga wa karabai unatosha ukikaa karibu. Usitegemee filamu peke yake, wekeni na kamera ya kawaida.

Simu za wageni ziachwe mlangoni kwenye kapu, kila moja na namba. Wanawake watavua mabuibui, watacheza kwa raha, na kesho hakuna video inayozunguka mjini. Nimeona harusi mbili tofauti, yenye simu na isiyo na simu, na kucheza kwake hakufanani.

Picha ya kukaa kama ya bibi, nenda studio siku ya pili. Kenyatta Road ipo Capital Art Studio, ya tangu 1930, kuta zimejaa picha za Zanzibar ya zamani. Hata kuingia tu uone watu walivyokuwa wanakaa kutakusaidia.

Asumini_Malindi

Narudi na habari. Fundi alikuja: boriti tatu za ghorofa ya kwanza zimeoza upande wa bafuni. Baba anazibadilisha kabla ya harusi, kwa hiyo hata kama nisingeolewa nyumba imepona. Ngoma zote chini. Tarehe tumeisogeza Mfungo Tatu, mwisho mwisho, mvua iwe imeshapungua, na turubai tutalikunja pembeni tayari. Bwana harusi kakubali, kasema na kofia yake itakuwa imekwisha.

Wanawake tutakuwa 60, sinia 15 za watu wanne wanne. Walima wa watu wengi tutaufanya ukumbini mchana, mama kafurahi, na hatupambi kizamani huko, viti tu na chakula. Wajomba wa Wete wanaleta halua.

Kasha tulilifungua jana baada ya Laasiri, bibi kakaa kitandani anatuelekeza. Kanzu imekatika kwenye mikunjo, mitatu, kama karatasi. Nililia. Bibi hakulia, kasema, "Ilikuwa inanibana." Chini ya kanzu kulikuwa na doti ya kanga ya kisutu, nyekundu na nyeusi, nzima kabisa, inanukia udi. Hiyo ndiyo nitakayojifunga siku ya kusingwa.

Na vikuba nilimuuliza. Shangazi, ulisema kweli: vilifungwa jana yake, na aliyevifunga ni dada yake, usiku, taa imezimika. Nataka kila mgeni apate kimoja mlangoni. Mti wetu wa asumini ulikatwa zamani. Kuna mtu mjini ana mti unaochanua?

Shangazi_Mkunazini

Marahaba mwanangu. Kwangu ipo miwili, na jirani ana mkadi. Njoo siku hiyo kabla jua halijazama, na wasichana wanne wenye vidole vyepesi. Sinia uje nayo.