Injini ya tu-stroki ya baiskeli imekuwa nzito baada ya kuhamia Iringa: nianzie wapi?

Mkazi wa Ipogolo
Habari zenu, ndugu zangu. Nina baiskeli ya inchi 26 iliyofungwa injini ndogo ya tu-stroki, ile inayouzwa kwa jina la cc 80. Nilipokuwa Dar es Salaam ilikuwa ikivuta vizuri, lakini tangu nihamie Iringa, kwenye kilima cha kutoka Ipogolo kwenda mjini inakatakata badala ya kuvuma, inatoa moshi mwingi, na plagi nikiifungua naikuta nyeusi na imelowa. Fundi mmoja amenishauri tupanue kwa tupa tundu la silinda la kutolea moshi. Je, ni sahihi kuanzia hapo? Oili nachanganya sehemu moja kwa sehemu 20 za petroli.

Fundi Kabureta
Ndugu, tafadhali usiguse silinda kwa tupa. Dalili ulizozieleza ni za petroli kuzidi hewa, na chanzo chake ni mwinuko. Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko Dar es Salaam, ilhali jeti ya kabureta yako, yaani kitundu kidogo kinachopima petroli, bado inapitisha petroli kama iliyo pwani. Mchanganyiko ukiwa mzito kiasi hicho, injini ya tu-stroki huruka mizunguko bila kuwaka, na huo ndio mkatokato unaousikia.

Anza na sindano ya kabureta, ambayo hutawala pale resi inapokuwa kati ya robo na robo tatu: hamisha kibanio chake, kile kinachoshika kwenye mikato ya kichwa cha sindano, mkato mmoja kwenda juu, ili sindano ishuke na kubana petroli. Resi ikiwa imevutwa yote, anayetawala ni jeti kuu. Kama yako ni ya milimita 0.70, tafuta ya 0.67 au iliyo karibu nayo, wala usishuke zaidi kwa pupa, kwa sababu petroli ikipungua kupita kiasi pistoni hupata joto na kukwama ndani ya silinda. Kisha panda kilima kwa resi yote, zima injini na kukamata klachi kwa wakati mmoja, usimame pembeni ya barabara, uache plagi ipoe kidogo ndipo uifungue. Kauri inayozunguka ncha ya plagi ikiwa ya kahawia umefika. Ikiwa nyeupe, rudisha jeti kubwa mara moja.

Mzoefu wa Gereji
Naunga mkono, ila kabla ya kubadili jeti hakikisha hewa haiingii kwa njia ya wizi, maana kabureta haiwezi kurekebishwa juu ya uvujaji. Kwenye injini hizi kabureta hushika bomba lake la kuingizia mchanganyiko kwenye silinda kwa kibano tu, na pale hewa hupenya kwa urahisi. Angalia pia gasketi kati ya bomba hilo na silinda: ukiona oili imechuruzika kwenye maungio, sugua uso wa bomba juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo hadi unyooke, ndipo ufunge gasketi mpya. Nati za kichwa zikazwe kwa msalaba, kidogo kidogo.

Fundi Mstaafu
Kuhusu tupa, naomba nieleze kwa nini haikufai. Tundu la moshi likiinuliwa, nguvu huhamia kwenye mizunguko mingi na huku chini injini inalegea, kinyume kabisa na anachohitaji mtu wa vilima. Tena kingo zikiachwa kali hukwaruza ringi. Bomba la moshi ni afadhali ulisafishe masizi.

Hata namba ile ya 80 isikupe matumaini makubwa. Silinda yenye kipenyo cha milimita 47 na mwendo wa pistoni wa milimita 38 ni cc 66 tu. Ukiwa na sproketi ya nyuma (gurudumu la meno linalovutwa na mnyororo) ya meno 44, mizunguko 5,000 kwa dakika inakupa kilomita 34 hivi kwa saa. Ya meno 36 ingekufikisha 42, lakini kilima cha Ipogolo kingekushinda, na sioni kama breki za baiskeli zinastahili mwendo huo wakati wa kushuka.

Mkazi wa Ipogolo
Nimewaelewa, na ninawashukuru sana. Je, nikipunguza oili hadi sehemu moja kwa 32, moshi utapungua?

Fundi Kabureta
Utapungua, na kama injini imekwisha kuzoea kazi na oili ni ile ya tu-stroki yenye ubora, 32 inatosha. Lakini kumbuka kwamba oili ikipungua, kiasi kilekile kinachopita kwenye jeti kinakuwa na petroli nyingi zaidi, kwa hiyo mchanganyiko unazidi kuwa mzito. Badilisha oili kwanza, ndipo upime jeti na kusoma plagi.