Wayalesi ya gitaa la umeme kwa laki nne: ipi inahimili harusi na kanisa?

SoloMoro
Wakuu, salaam. Napiga solo kwenye bendi yetu ya harusi hapa Morogoro, na Jumapili niko kanisani na gitaa hilo hilo. Jumamosi iliyopita mama mmoja alikuja kunitunza. Akanibandika noti ya elfu tano kwenye paji la uso, akarudi kinyumenyume akicheza, kisigino kikatua juu ya waya wangu. Jeki ikachomoka, ampu (kikuza sauti cha gitaa) ikanguruma ukumbi mzima. Yule mama aliona aibu mpaka akashindwa kumaliza wimbo, na kosa halikuwa lake. Nimeamua kuachana na waya, nitafute wayalesi: transmita inachomekwa kwenye gitaa, inarusha sauti hewani hadi risiva iliyochomekwa upande wa ampu.

Gitaa ni Squier Stratocaster, pikapu (zile sumaku chini ya nyuzi zinazonasa sauti) za kawaida zisizo na betri. Pedali za miguuni za kubadilisha sauti ni mbili, ovadraivu ya kuikwaruza na dilei ya mwangwi, halafu ampu. Bajeti mwisho laki nne, nikikaza sana laki tano. Niliyoyaangalia mpaka sasa:

Vile vidogo vya Lekato na ndugu zake, vya dola 40 hadi 70. Xvive U2, kama dola 150. NUX B-5RC, bei jirani na hiyo. Boss WL-20, karibu dola 200, hii inanipita lakini naisikia ikisifiwa. Na kuna jamaa ananiuzia seti ya mtumba ya UHF, yaani masafa ya chini kuliko ya hivyo vingine, ile yenye kiboksi cha kuvaa kiunoni.

Kwenye maelezo zote zinafika mbali na zote zina sauti safi. Nataka kusikia kwa waliozitumia kazini, watu wakiwa wamejaa.

FundiMitambo_Dar
Karibu ndugu. Niko nyuma ya mikisa, mashine ya kuchanganya sauti, mwaka wa kumi na moja huu, nikwambie ninachokiona.

Umbali ulioandikwa kwenye boksi umepimwa transmita na risiva zikiwa zinaonana, hakuna kitu katikati. Ukumbi wako una watu mia tatu, na mwili wa mtu sehemu kubwa ni maji, na maji yanameza mawimbi ya 2.4 gigahezi. Hivyo vyote ulivyotaja, ukiondoa UHF, viko 2.4, isipokuwa baadhi ya Lekato ambavyo ni vya 5.8. Kwa hiyo swali lako la kwanza liwe risiva itakaa wapi. Ikikaa jukwaani, juu ya ampu au kwenye pedali zako, hata cha dola 60 kitafanya kazi. Ukiniletea niichomeke kwenye mikisa mwisho wa ukumbi, hata cha dola 200 kitakatika watu wakisimama kucheza.

La pili ni Wi-Fi, na hapa ndipo wengi wanapolaumu kifaa bure. Kanisa moja nililofanyia kazi, saundcheki ya saa 2 asubuhi ilikuwa safi kabisa. Ibada imeanza, gitaa likaanza kukatika, linakuja linapotea, kama mtu anafungua na kufunga bomba. Mpiga gitaa akabadilisha betri, akabadilisha chaneli, wapi. Nikapanda jukwaani. Vijana wa kurusha ibada mubashara walikuwa wameweka ruta juu ya ampu ya gitaa kwa sababu ndipo palipokuwa na soketi. Antena ya ruta na risiva ya gitaa zilipishana kiganja kimoja. Tuliihamisha kama mita nne, tukazima masafa yake ya 2.4 yakabaki ya gigahezi 5, kompyuta ya kurushia tukaiunga kwa kebo ya mtandao. Gitaa halikukatika tena hadi baraka za mwisho.

Ukinunua ya 5.8, kwa mfano NUX C-5RC, msongamano ni mdogo, ila mawimbi hayo ni mafupi zaidi na yanazuiwa na miili kirahisi zaidi. Halafu ruta nazo zina chaneli za 149 hadi 165 zinazoangukia humo humo. Mwambie mwenye ruta aweke 36 hadi 48, mtaishi kwa amani.

BengaKisumu
Fundi amesema vyema. Mimi niongezee kuhusu kuchelewa kwa sauti, maana hapo watu huogopeshwa na nambari.

Kwenye maelezo ya watengenezaji, Boss WL-20 ni milisekunde 2.3, Line 6 Relay G10 ni chini ya 2.9, NUX B-5RC ni 5, Xvive U2 ni chini ya 6. Sauti hewani husafiri kama mita 343 kwa sekunde, yaani sentimita 34 kwa milisekunde moja. Basi hiyo 6 ya Xvive ni kama umesogea mita mbili kutoka kwa ampu yako. Kwenye jukwaa kubwa tunasimama mbali kuliko hivyo kila wiki na benga inaenda, na benga haina huruma na mtu anayechelewa.

Shida huja zinapojumlishana. Wayalesi 6, kisha pedali ya kidijitali yenye efekti nyingi, kisha mikisa ya kidijitali, kisha visikizi vya masikioni ambavyo navyo ni wayalesi. Kila kimoja kinachota kidogo. Mimi nilianza kuhisi vidole vinatangulia sauti nilipovaa visikizi, wala si kabla. Wewe una pedali mbili na ampu ya kawaida, kwa hivyo usilipe pesa za ziada kwa ajili ya milisekunde tatu.

Mahali ambapo WL-20 inastahili bei yake ni betri. Transmita masaa 12, risiva masaa 10. Pia unachomeka transmita ndani ya risiva, unangoja sekunde kama kumi, zinatafuta zenyewe chaneli iliyo wazi.

DadaGitaa_Mvita
Kaka SoloMoro, pole na waya. Mie kilichonihamisha si kukanyagwa waya, ni mdomo.

Naimba huku napiga rithimu. Kumbi nyingi tunazopiga huku Pwani hazina ethi ya maana, ule waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini. Ampu yangu imechomekwa soketi ya jukwaani, mikisa imechomekwa soketi ya upande wa pili, pengine kwenye jenereta. Nyuzi za gitaa zimeungana na chesisi ya ampu kupitia waya, na maiki imeungana na mikisa. Siku hiyo nimeshika gitaa, nimesogea kuimba, midomo haijaigusa maiki vizuri, nikapigwa shoti hadi machozi yakanitoka. Nilimaliza shughuli nimevalisha maiki sponji, naimba nikiwa mbali nayo.

Ukitumia wayalesi, gitaa halijaungana tena na ampu kwa waya, na njia ile ya umeme inakatika. Kwangu hilo ndilo la kwanza, sauti na urahisi vinafuata. Lakini nawasihi: ampu isiyo na ethi bado ni hatari kwa anayeigusa. Mimi natembea na tesita ya shilingi mia, kabla ya saundcheki nagusa chesisi ya ampu na kichwa cha maiki. Ikiwaka, sichezi mpaka fundi wa umeme aje.

Natumia Xvive U2 mwaka wa tatu. Ina chaneli 4, zinatosha kwa bendi ndogo. Betri wanasema masaa 5, sasa naona zangu zinafika manne na kidogo.

SoloMoro
Dada, hilo la shoti sikuwa nimelifikiria kabisa, na mimi naitikia kwenye maiki. Asante sana.

Hesabu ya betri imenishtua. Harusi zetu tunaanza saa 12 jioni tunamaliza saa 6 usiku, hayo ni masaa sita. Za masaa matano zitaniachia njiani.

BengaKisumu
Chaji wakati wa hotuba na chakula. Hapo ndipo B-5RC inaingia, ina kisanduku chake cha kuchajia kama cha visikizi vya simu. Mshereheshaji akiita wazazi tu, unachomoa, unatumbukiza, unafunga. Huhitaji soketi. Dakika arobaini za hotuba zinarudisha kiasi cha kumalizia usiku.

BesiNzito
Nisaidie wapiga besi wanaosoma hapa. Gitaa lenye pikapu aktivu, zile zenye betri ya volti 9 ndani, lipimeni dukani kabla ya kulipa. Nilinunua kimoja cha bei ya chini, jina naliacha, kwenye gitaa la kawaida kilikuwa kizuri, kwenye besi yangu kikalia kama nyuki ndani ya kopo. Mlio ule unatoka kwenye transmita yenyewe, unaingia kwenye saketi ya besi kwa sababu vimegusana. Nilipoweka waya mfupi wa sentimita 30 kati ya besi na transmita, nikaifunga transmita kwenye mkanda, mlio ukashuka hadi hausikiki bendi ikipiga.

Boss wana WL-20L kwa ajili ya besi aktivu na magitaa ya akustika yenye prea, yaani kikuza sauti kidogo cha ndani. Tofauti yake na WL-20 ni kwamba haina ile kazi ya kuigiza waya.

SoloMoro
Kuigiza waya ndiyo nini?

MzeeWaRithimu
Kijana wangu, waya mrefu unakula sauti ya juu. Pikapu zisizo na betri zikisukuma sauti kwenye waya wa mita sita, ule ukali wa juu unapungua, na sisi masikio yetu yamezoea gitaa hivyo tangu enzi za vikosi vya bendi za dansi. Wayalesi haina huo mzigo, kwa hiyo gitaa linatoka kali kuliko ulivyozoea. Boss wameweka kitu cha kurudisha ule upungufu. Usiihangaikie. Geuza kitufe cha toni kutoka 10 hadi 7, umemaliza. Kwenye solo ya juu utapenda hata ukali wenyewe.

Ila nina la kusema, na nalisema kwa mapenzi. Kabla hujatoa laki nne, je, waya unaupitisha nyuma ya mkanda? Unauchukua, unaupitisha kati ya mkanda na mwili wa gitaa pale kwenye kitufe cha chini, ndipo unachomeka. Mtu akikanyaga, mvuto unaishia kwenye mkanda, jeki haichomoki. Nimepiga rithimu zaidi ya miaka thelathini kwa njia hiyo. Na ukinunua wayalesi, ule waya usiutupe, ukae kwenye begi kila safari. Betri ikikata katikati ya wimbo wa bibi harusi kuingia, hakuna atakayekungoja.

FundiMitambo_Dar
Mzee shikamoo. Hilo la waya kwenye begi mimi nawalazimisha wote ninaofanya nao kazi.

SoloMoro, kuhusu UHF ya mtumba, niambie masafa yaliyoandikwa nyuma. UHF yenyewe ni nzuri, mawimbi marefu hayazuiwi na miili kama 2.4, na risiva inaweza kukaa mbali. Shure BLX14 kwa mfano inakula betri mbili za AA na kufika masaa 14, betri unazipata duka lolote saa nne usiku. Lakini vifaa vingi vya mtumba vilitengenezwa zamani kwa bendi ya 700 na ya 800 megahezi, na bendi hizo sasa ni za intaneti ya simu. Marekani walipiga marufuku maiki za 700 tangu 2010. Ukiiwasha hapa unakuta mnara wa simu umeshakaa.

SoloMoro
Imeandikwa 740 hadi 770.

FundiMitambo_Dar
Mrudishie. Hata akikupa kwa elfu hamsini mrudishie. Haina matengenezo, masafa hayabadilishiki kutoka huko. Kwa yeyote anayetaka UHF mpya, aulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, kwanza masafa gani yanaruhusiwa, na kwa Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano.

DadaGitaa_Mvita
Na kwa Stratocaster angalia jeki. Ile sahani yake imelala ndani kimshazari. Transmita isiyokunja shingo inagonga sahani, inaingia nusu, halafu unadhani pikapu zimekufa. U2 inakunja, B-5RC pia inakunja. Nenda na gitaa lako dukani, ichomeke mpaka usikie inakaa.

SoloMoro
Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu. UHF nilimrudishia mwenyewe. Nilienda Kariakoo na gitaa, nikajaribu vitatu, nikachukua B-5RC kwa sababu ya kile kisanduku na harusi zetu ndefu.

Nimepiga harusi mbili na ibada tatu. Kanisani nilizungumza na vijana wa ruta mapema, wakaiweka upande wa kwaya, haijakatika hata mara moja. Harusini nilishuka jukwaani nikipiga mpaka meza ya wazazi, mita nane hivi. Baba wa bwana harusi akasimama akacheza nami bega kwa bega, kitu ambacho kwa waya nisingefika hata nusu njia. Hotuba zilipoanza nikaziweka zote mbili kwenye kisanduku, saa 6 usiku bado zilikuwa hai. Toni nimeishusha 7 kama alivyosema Mzee.

Tatizo moja. Nikigeuka kuwaangalia wageni upande wa pili, yaani mgongo wangu ukielekea jukwaani, sauti inakatika kidogo, kama nusu sekunde. Imetokea mara mbili, sehemu ile ile.

FundiMitambo_Dar
Hapo mwili wako mwenyewe umekaa katikati, transmita iko mbele ya kiuno na risiva iko nyuma yako. Risiva umeiweka wapi?

SoloMoro
Sakafuni, karibu na pedali.

FundiMitambo_Dar
Ipandishe. Chukua stendi ya maiki isiyotumika, ifunge risiva kwa utepe kwenye urefu wa kichwa, waya mfupi ushuke kwenye pedali. Ikiwa juu, itakuona kupitia mabega ya watu badala ya kutafuta njia katikati ya miguu yao.

SoloMoro
Sawa fundi. Jumamosi nina harusi Kihonda, nitaifunga kwenye stendi wakati wa saundcheki nizunguke ukumbi mzima kabla wageni hawajaingia, halafu tena wakishajaa. Nitaleta majibu hapa.