Nyumba ya mawe ya 1719 kule Lancaster: dohani katikati na stovu isiyo na mlango?

MwanaMara: Wakuu habari zenu. Wikiendi nimeenda kuona Hans Herr House huku Lancaster, Pennsylvania, nyumba ya mawe ya Wamennonite (dhehebu la Kikristo) waliotoka pande za Uswisi na Ujerumani, ndo kongwe kuliko zote kwenye kaunti hii. Ukuta mnene mpaka nikiegemea dirishani mkono mzima unalala kwenye kizingiti, vidirisha vidogo, paa limesimama kweli. Sasa kilichonitatiza, dohani imetokea katikati ya paa, nyumba nyingi za Waingereza huku zinaiweka kwenye ukuta wa mwisho. Halafu sebuleni kuna stovu ya chuma lakini haina pa kutilia kuni! Zinaingilia wapi?

fundi_mawe: Mkuu mlango wake uko jikoni, nyuma ya ukuta. Stovu zile ni mabamba matano ya chuma, juu, chini, ubavu huku na huku na la mbele, nyuma wanaacha wazi wanaichomeka kwenye tundu la ukuta. Mama yuko kwenye moto wake jikoni anasukumia makaa humo, chuma kinapata moto upande wa sebuleni na moshi unarudi jikoni unapanda na dohani ileile, kwahiyo sebule ina joto na haina moshi hata chembe. Ndo maana dohani ikakaa katikati, na yale mawe yake yakishapata moto joto linabaki humohumo ndani. Kwa fundi wa miaka ile hii ni akili kubwa sana aisee.

dada_wa_Shirati: Kaka linta ya mlango, ile boriti ya juu ya mlango, uliiangalia? Imechongwa 17 CH HR 19, yaani Christian Herr, mtoto wa Hans, ndo aliyejenga. Na sebule hiyohiyo ndo walikuwa wanafanyia ibada, watu wanabanana kwenye mabenchi. Mi nimekulia Shirati, Tanzania, kanisa letu la Mennonite lililetwa na wamisionari wa Lancaster mwaka 1934, kwahiyo hiyo nyumba naiona kama ya ukoo.

fundi_mawe: Na ilishawahi kugeuzwa ghala la shamba, hawakuikarabati mpaka miaka ya 1970. Inauma.

MwanaMara: Kumbe lile tundu jeusi nililoliona jikoni ndo mdomo wa stovu! Asante sana mkuu. Dada, linta sikuiangalia, Jumamosi narudi nakupigia picha.