Boti iliyoachwa ziwani, bima inalipa?

Swali (Goma): Bandugu, boti yangu ya maharagwe iliingia maji karibu na kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, tukarukia mtumbwi wa wavuvi. Asubuhi ilikutwa inaelea, injini imeng'olewa. Mtu wa bima anasema "mliitupa." Tungebaki tuzame?

Jibu (Bukavu): Pole, yaya. Kuokoa roho si kutupa mali. Sheria ya Uingereza ya bima ya baharini ya 1906 inahesabu chombo kimepotea kabisa kama gharama ya kukiokoa inapita thamani yake. Kwetu Kongo kuna sheria ya bima ya 2015, basi soma mkataba wako. Mwandikie mtu wa bima upesi, kopi ipigwe muhuri.

Jibu (Goma): Na ivutwe leo! Hasara ikizidi watakubana. Tunza risiti.

Muuliza: Barua imefika. Wavutaji wa boti wanadai dola 300, wezi wakubwa!