Kifaa cha kusikia kimekuwa kidogo mno kwa vidole vya mama

Kitindamimba:
Habari zenu wakuu. Mama yangu ana miaka 78, anatumia kifaa cha kusikia kinachojificha ndani kabisa ya sikio. Sauti yake ni safi, sina la kulalamika. Shida ni betri: namba 10, ile yenye kibandiko cha njano, upana milimita 5.8. Kila baada ya siku chache ibadilishwe, na vidole vyake vinatetemeka. Jana nimemkuta kapiga magoti anapapasa sakafuni, betri imemponyoka. Hakunisikia nikiingia mpaka nilipomgusa bega. Kwa nini kila kifaa lazima kizidi kupungua? Kuna anayeufikiria mkono wa mtumiaji?

Fundi Bodi:
Pole kwa mama, mkuu. Udogo wa ndani una maana yake: transista (kijisehemu cha kuwasha, kuzima au kukuza mkondo wa umeme) ikipungua inakula umeme kidogo na kufanya kazi haraka. Chipu ya kompyuta Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista 2,300, leo chipu ya simu ina mabilioni. Kosa linaanzia pale penye kushikwa na mkono. Mimi natengeneza simu. Kuna kapasita, vijisehemu vya kuhifadhi chaji ya umeme, za milimita 0.4 kwa 0.2, ukipumua vibaya imeruka. Lakini mimi nina hadubini, mama hana. Kinachoniuma hasa ni betri kugandishwa kwa gundi. Angalau Umoja wa Ulaya umeamua kwamba kuanzia Februari 2027, betri za vifaa vingi vya mkononi mtumiaji aweze kuzitoa mwenyewe.

Sikio la Kushoto:
Navaa tangu shule ya msingi, niruhusuni niutetee udogo. Changu cha kwanza kilikuwa kiboksi cha kifuani, waya unapanda mpaka sikioni. Shati likisugua kiboksi, nilisikia shati kuliko mwalimu. Na waliotangulia walikuwa na vali za kioo (mirija ya kukuza sauti kabla ya transista) na betri za kufunga mwilini! Transista ilipovumbuliwa mwaka 1947, vifaa vya kusikia vilikuwa kati ya bidhaa za kwanza kuitumia, hata kabla ya redio ndogo za 1954.

Kwa mama, ulizieni cha nyuma ya sikio kinachotumia namba 13 (kibandiko cha chungwa) au 675 (bluu, milimita 11.6), au cha kuchaji usiku. Kwa sasa tazama brashi ya kusafishia kifaa, mara nyingi ncha moja ina sumaku ya kunasia betri. Akibandua kibandiko asubiri dakika chache hewa iingie ndipo aiweke. Na watoto wasizifikie, wanazimeza.

Kitindamimba:
Asanteni sana. Sumaku ipo kweli! Miaka miwili brashi imelala kwenye boksi lake. Nimemwelekeza, betri imenasa mara ya kwanza, akaiingiza mwenyewe. Hicho cha nyuma ya sikio nimemgusia, kasema hataki kionekane.